Aliyewafunga majambazi sasa anataka kuwa Mwanasheria Mkuu wa jimbo

*Swali: Shikamoo wakili. Mimi ni mama wa watoto wanne. Tulitoka Uvira, tukakaa kambi ya Nyarugusu miaka mingi kabla ya kuletwa Marekani. Mwaka jana nilikula kiapo cha uraia, na Novemba hii nitapiga kura kwa mara ya kwanza maishani. Jumapili moja baada ya ibada alikuja mgombea wa kiti cha Mwanasheria Mkuu wa jimbo. Alisema alikuwa mwendesha mashtaka wa kaunti miaka mingi, amefunga majambazi na wauza dawa za kulevya, na kipeperushi chake kinasema alishinda kesi 98 katika kila 100. Mtaani kwetu wizi umezidi, watu wakapiga makofi sana. Mpwa wangu peke yake ndiye aliyenuna; tangu auziwe gari bovu haamini mtu yeyote mwenye tai. Kwetu Kongo, na hata Tanzania tulikoishi, mtu wa namna hiyo hatukumchagua sisi. Je, kuwa mwendesha mashtaka ni sababu ya kumpa mtu kiti hiki? Tafadhali usitaje jimbo langu.*

Marahaba, mama, na hongera ya kiapo.

Inaweza kuwa sababu, ila si kwa lile alilojisifia pale kanisani. Makofi mliyompigia yalikuwa ya kazi nyingine.

Kijana akivunja duka mtaani kwenu usiku wa leo akakamatwa, jalada lake haliendi makao makuu ya jimbo. Linakwenda kwa mwendesha mashtaka wa kaunti, ambaye katika majimbo mengi naye huchaguliwa kwa kura. Huenda jina lake limo kwenye karatasi hiyo hiyo utakayopewa Novemba, mistari kadhaa chini, mahali ambapo wengi wameshachoka kusoma. Huyo ndiye anayeamua kijana ashtakiwe au aachwe, kwa kosa gani, na dhamana ipingwe au la. Mwanasheria Mkuu wa jimbo huigusa jinai kwa pembeni: kesi zikifika kwenye rufaa, uhalifu unaovuka mipaka ya kaunti, wizi wa fedha za Medicaid, yaani mpango wa serikali wa kulipia matibabu ya wenye kipato kidogo, au kaunti inapoelemewa na kuomba msaada. Kesi ya askari aliyemuua George Floyd kule Minneapolis mwaka 2020 iliongozwa na Keith Ellison, Mwanasheria Mkuu wa Minnesota, lakini ilibidi gavana atoe agizo kwanza. Texas mwaka 2021, mahakama yao ya juu ya jinai ilitamka kwamba Mwanasheria Mkuu hawezi kujifungulia mwenyewe kesi za makosa ya uchaguzi bila kukaribishwa na mwendesha mashtaka wa eneo husika. Yapo majimbo ya namna yake. Delaware na Rhode Island hayana waendesha mashtaka wa kaunti, basi huko Mwanasheria Mkuu hushtaki karibu kila kitu. Kwenu si huko.

Kama uliwahi kusikiliza redio ukiwa Kigoma, utakumbuka majina mawili tofauti. Tanzania ina Mwanasheria Mkuu wa Serikali, yumo katika ibara ya 59 ya Katiba, na ina DPP, yaani Mkurugenzi wa Mashtaka, yumo katika ibara ya 59B. Wote wawili huteuliwa na Rais. Wa kwanza ni mshauri wa serikali na msimamizi wa maslahi yake kisheria. Wa pili ndiye mwenye majambazi. Kenya nao waliwatenganisha hivyo katika Katiba ya 2010, ibara ya 156 na ya 157. Ukimwangalia mgombea wenu kama DPP umemvika joho lisilo lake. Yeye anaomba kuwa wakili wa jimbo zima: kulitetea likishtakiwa, kushtaki kampuni kwa niaba yake, kumwambia gavana kwa maandishi kwamba jambo fulani sheria hairuhusu. Kazi ya madai zaidi kuliko ya jinai.

Kuhusu kura, majimbo 43 kati ya 50 humchagua kama mtakavyofanya ninyi. Matano humwachia gavana ateue, Maine bunge la jimbo hupiga kura ya siri, na Tennessee, hili hunishangaza kila mwaka, huteuliwa na majaji wa mahakama ya juu ya jimbo. Yule wa Washington anayeongoza wizara ya sheria ya nchi nzima ni mtu mwingine kabisa, huteuliwa na Rais. Kwa Kiingereza cheo chao kina jina moja, na hata raia waliozaliwa hapa huwachanganya.

Sasa hizo 98 kwa 100.

Nilipokuwa kijana nikiendesha mashtaka huko nyumbani, kila mwisho wa mwezi tulijaza fomu ndefu yenye safu: kesi zilizofunguliwa, waliotiwa hatiani, walioachiwa, kesi zilizoondolewa. Bosi wetu alikuwa akipitisha kidole kwenye safu ya walioachiwa na kutuuliza mmoja mmoja mbele ya wenzetu. Safu ya kesi ambazo hazikupaswa kufunguliwa kabisa haikuwepo. Kwa hiyo tulijifunza haraka. Jalada gumu, hata kama mlalamikaji ana haki, unalikwepa. Jalada jepesi, hata kama ni la kuku wawili, unalikumbatia. Mwaka wa pili takwimu zangu zilikuwa nzuri mno, na sikuwa wakili bora kuliko mwaka wa kwanza.

Hapa Marekani namba hiyo ina kichocheo kingine. Katika hukumu ya mwaka 2012, kesi ya Missouri dhidi ya Frye, Mahakama Kuu ya Marekani ilieleza kwamba asilimia 94 ya wanaotiwa hatiani katika mahakama za majimbo hutokana na kukiri kosa, wala si kesi kusikilizwa mpaka mwisho. Mshtakiwa anaambiwa: kiri hili la miaka 2, ukikataa tutakushtaki kwa lile la miaka 15. Wengi hukiri, wenye hatia na hata baadhi wasio nayo. Ofisi ya mashtaka isiyoshinda kesi zake nyingi mno katika mazingira hayo itakuwa imelala usingizi. Kipeperushi hakikudanganya, mama, ila kimekuonyesha kitu ambacho karibu kila ofisi ya mashtaka nchini ingeweza kukionyesha.

Kipi basi cha kutazama? Chukua watu wawili waliokuwa waendesha mashtaka wakapanda hadi kiti hiki, mmoja akakifanyia makubwa, mwingine akavunjika.

Mike Moore alikuwa mwendesha mashtaka kule Pascagoula, pwani ya Mississippi. Alipata jina kwa kuwashtaki madiwani wa kaunti yake mwenyewe, watu wakubwa ambao wengine walikuwa wakiwapigia magoti. Akachaguliwa Mwanasheria Mkuu mwaka 1987. Mwaka 1994 akawa wa kwanza kuzishtaki kampuni za sigara kwa niaba ya jimbo. Kabla yake wavutaji walikuwa wakishtaki mmoja mmoja na kushindwa, kwa sababu kampuni zilikuwa na jibu moja: ulivuta mwenyewe kwa hiari yako. Moore akabadilisha mlalamikaji. Akasema jimbo la Mississippi halijawahi kuvuta sigara hata moja, lakini ndilo linalolipa hospitali kupitia Medicaid, nirudishieni fedha. Tena akafungua kesi katika mahakama ambayo jaji huamua peke yake, bila jopo la wananchi ambalo mawakili wa sigara walikuwa mabingwa wa kulizungusha. Gavana wake mwenyewe alikwenda mahakamani kumzuia, akashindwa. Mwaka 1998 majimbo 46 yakatia saini mapatano na kampuni hizo, zaidi ya dola bilioni 206 kwa miaka 25, na Mississippi, Florida, Texas na Minnesota yalikuwa yameshapata mapatano yao ya peke yao. Hakuna jambazi hata mmoja aliyefungwa katika hadithi hii. Alichokuja nacho kutoka Pascagoula ni kutoogopa mtu mkubwa wa jirani.

Kathleen Kane wa Pennsylvania alikuja na sifa zinazofanana na za mgombea wenu. Alikuwa amefanya kazi ofisi ya mashtaka ya kaunti ya Lackawanna kwa miaka mingi, akagombea kwa kujinadi kama mwendesha mashtaka, na mwaka 2012 akawa mwanamke wa kwanza kuchaguliwa kwenye kiti hicho katika jimbo hilo. Akaingia kwenye ugomvi na mwendesha mashtaka wa zamani wa ofisi hiyo, akavujisha siri za jopo kuu la mahakama, wananchi wanaosikiliza ushahidi kwa siri, kwa mwandishi wa habari ili amwaibishe, kisha akadanganya chini ya kiapo. Agosti 2016 alitiwa hatiani, akajiuzulu. Mtu aliyejua vizuri kuliko wote kwamba siri hizo hazitoki.

Lakini mfano utakaokufaa zaidi ni California mwaka 2010, kwa sababu wagombea wote wawili walikuwa waendesha mashtaka. Hapo huwezi kusema namchagua huyu kwa kuwa alifunga wahalifu, wote walifunga. Upande mmoja Steve Cooley wa Republican, aliyekuwa ameongoza mashtaka ya kaunti ya Los Angeles kwa karibu miaka kumi. Upande wa pili Kamala Harris wa Democratic, wa San Francisco, ambaye wakati huo hata majirani wa majimbo mengine hawakumjua.

Harris alikuwa na mzigo. Aprili 2004, miezi michache tu baada ya kuingia ofisini, askari kijana aitwaye Isaac Espinoza alipigwa risasi na kuuawa akiwa kazini. Harris alikuwa ameahidi kwenye kampeni kwamba hataomba adhabu ya kifo, na siku chache baada ya mauaji, kabla hata ya mazishi, akatangaza kwamba hapa pia hataiomba. Kwenye mazishi, Seneta Dianne Feinstein, wa chama chake mwenyewe, alisimama na kusema kesi kama hii ndiyo iliyotungiwa adhabu ya kifo. Kanisa lilikuwa limejaa askari. Wakasimama kupiga makofi, na Harris amekaa mbele. Muuaji alifungwa maisha bila nafasi ya kuachiliwa.

Unaweza kumkasirikia au kumsifu. Mimi naona jambo la kujifunza liko kwenye kile kilichofuata. Alipokuwa Mwanasheria Mkuu, mwaka 2014 jaji wa shirikisho alitamka kwamba adhabu ya kifo ya California inavunja Katiba kwa jinsi inavyocheleweshwa. Mtu aliyekataa kuiomba hata kwa muuaji wa askari angeweza kushukuru na kunyamaza. Harris alikata rufaa kuitetea adhabu hiyo, na mwaka uliofuata jimbo likashinda. Wapo waliomwita mnafiki. Lakini ndivyo viti hivi viwili vinavyotofautiana: kwenye kaunti jalada ni lako, unaamua kwa dhamiri yako, kwenye jimbo una mteja, na mteja ana sheria zake zilizopitishwa na watu.

Isipokuwa pale Mwanasheria Mkuu asipotaka kuitetea sheria fulani. Hili wapiga kura wengi hawalijui. California ilikuwa imepiga kura mwaka 2008 kupiga marufuku ndoa za jinsia moja, jaji akalifuta katazo hilo, na kwenye kampeni ya 2010 Cooley akasema atalitetea mahakamani, Harris akasema hatalitetea. Kanisani kwenu mna msimamo wenu juu ya ndoa hizo, nami sikuandikii kuhusu hilo. Nataka uone utaratibu. Harris alishinda, jimbo halikulitetea katazo, waliolianzisha wakaenda wenyewe hadi Mahakama Kuu, na Juni 2013 mahakama ikawaambia ninyi si serikali, hamna haki ya kukata rufaa hii. Kwa ukimya wa ofisi hiyo na ya gavana, sheria iliyopigiwa kura na mamilioni ilikufa. Mtu anaweza kupenda matokeo hayo na bado akaogopa uwezo huo mikononi mwa asiyemjua.

Kuna kesi nyingine ya Harris ambayo ningependa umuulize mgombea wenu mfano wake. Mwaka 2010, kampeni ikiwa motoni, iligundulika kwamba mfanyakazi wa maabara ya polisi ya San Francisco alikuwa akichota kokeini iliyoletwa kupimwa. Ndani ya ofisi ya mashtaka kulikuwa na watu waliojua miezi kadhaa nyuma kwamba mfanyakazi huyo hategemeki, na mawakili wa utetezi hawakuambiwa. Jaji aliikaripia ofisi ya Harris waziwazi, na kesi zaidi ya 600 za dawa za kulevya zikafutwa. Tangu hukumu ya Brady dhidi ya Maryland mwaka 1963, mwendesha mashtaka analazimika kumpa mshtakiwa ushahidi unaomsaidia, hata ukimharibia yeye kesi. Hapo ndipo tabia ya mwendesha mashtaka inapoonekana, mama, kwenye karatasi ambayo angeweza kuiacha kwenye droo na hakuna ambaye angejua.

Na Cooley? Alikuwa na sifa zake, wala hakuwa mkali wa kijinga. Sheria ya California ya kumfunga maisha mwenye kosa la tatu, aliwazuia wasaidizi wake kuitumia hovyo kwa makosa madogo. Kilichomponza ni pensheni. Kwenye mdahalo wa Oktoba, chuo cha sheria cha Davis, aliulizwa kama atachukua pensheni ya kaunti juu ya mshahara wa jimbo. Akajibu bila kupepesa kwamba atachukua, ameifanyia kazi, na mshahara wa Mwanasheria Mkuu ni mdogo mno. Mshahara wenyewe ulikuwa kama dola 150,000, na nchi ilikuwa kwenye hali mbaya ya ajira. Harris alitabasamu, akamwambia achukue tu, ameifanyia kazi. Halafu akalitengenezea tangazo la televisheni.

Usiku wa uchaguzi Cooley alijitangaza mshindi. Kura za posta zikaendelea kuhesabiwa kaunti kwa kaunti, wiki tatu nzima, na tarehe 24 Novemba akakubali kushindwa. Tofauti ilikuwa kura kama 74,000 kati ya milioni 9 na nusu hivi, haifiki asilimia moja. Nakutajia hesabu hii kwa kuwa umesema ni kura yako ya kwanza.

Harris alichokuja kukumbukwa nacho zaidi kwenye kiti hicho kilikuwa mikopo ya nyumba, wala si majambazi. Benki tano kubwa zilikuwa zimewafukuza watu kwenye nyumba kwa hati zilizotiwa saini na watu wasiozisoma. Mwaka 2011 majimbo yalikuwa mezani na benki hizo. Harris akaona fungu la California ni dogo, akaondoka mezani. Februari 2012 mapatano yakafikiwa, majimbo 49, dola bilioni 25 kwa nchi nzima, na California ikaahidiwa nafuu iliyokadiriwa kufikia bilioni 18. Sehemu kubwa ilikuwa madeni yaliyofutwa kuliko fedha taslimu, na wapo wanaosema benki zilifuta madeni ambayo zisingeyakusanya hata hivyo. Wana hoja. Lakini uthubutu wa kuinuka na kuiacha ofa mezani, hilo mwendesha mashtaka hulijifunza katika kupatana kesi kila asubuhi, na hiyo ndiyo hoja bora kabisa ya kumchagua mtu mwenye historia hiyo.

Sasa rudi kwa mgombea wenu. Wenye vyeo hivi hupenda kurudi makanisani karibu na uchaguzi, kwa hiyo utampata tena. Usimuulize amefunga wangapi. Muulize kesi aliyoiondoa mwenyewe baada ya kugundua kwamba polisi wamekosea, na usikilize kama ana jina la kesi kichwani au anaanza kuzungumzia maadili. Muulize sheria ipi ya jimbo ambayo haipendi lakini ataitetea, na ipi hataitetea. Muulize amewahi kumshtaki nani mwenye fedha kuliko yeye. Akikujibu vizuri hayo, uendesha mashtaka wake una thamani. Akirudi kwenye majambazi kila mara, anagombea kiti cha mtu mwingine. Na usishangae ukiona macho yake yako kwenye ugavana. Bill Clinton naye alianza kwenye kiti hiki kule Arkansas, bila kuwahi kuwa mwendesha mashtaka.

Namalizia na mpwa wako, maana katika mkutano ule yeye peke yake ndiye aliyekuwa na shida inayohusu kiti hiki. Muuzaji aliyemficha ubovu wa gari, mwenye nyumba anayekula amana za wapangaji, mtu anayejiita mtaalamu wa karatasi za uhamiaji na kuwatoza watu wa Nyarugusu fedha wakati si wakili, wote hao ni wateja wa kitengo cha kulinda walaji cha ofisi ya Mwanasheria Mkuu. Akusanye mkataba wa mauzo, picha ya tangazo kama bado iko kwenye simu, na risiti za fundi. Tovuti ya ofisi hiyo ina fomu ya malalamiko, haina ada wala haihitaji wakili. Asiandike hasira, aandike tarehe na kiasi. Ofisi haitakuwa wakili wake binafsi. Kwa kawaida humwandikia muuzaji barua na kudai maelezo, na mara nyingi barua hiyo pekee hulegeza mkono. Lakini malalamiko 40 juu ya duka moja yakikaa kwenye faili moja, hapo huzaliwa kesi ya jimbo.

Kisha umuulize mgombea, mbele ya watu, fomu hiyo itapatikana kwa Kiswahili lini. Wazee wenu wa kanisa wameibiwa kuliko mpwa wako, na hawataijaza kwa Kiingereza.